Umeenda Hosi Mara Ngapi? Historia ya Swali Nililojibu Vibaya

Leo sina stori ya mpira wala ya siasa. Nina stori ya choo na pesa, na inaanza na mdada mmoja aliyebisha mlango wa keja yangu Jumamosi asubuhi, tableti mkononi na beji shingoni.

Alikuwa anafanya utafiti wa afya, ule wa nyumba kwa nyumba. Mpole sana. Akaniuliza tunaishi wangapi, tunapikia nini, maji tunatoa wapi. Halafu akafika kwa swali lenyewe: "Katika wiki nne zilizopita, umeenda kutafuta matibabu mara ngapi bila kulazwa, na ulitumia pesa ngapi?"

Wenye mnanifuata kitambo mnajua nina kolaitisi, ugonjwa wa vidonda ndani ya utumbo mpana. Hauishi. Unatulia, unarudi, unatulia tena. Si ulsa, ingawa ukoo wangu mzima unaiita ulsa na nimeacha kuwarekebisha. Kwa hivyo kama kuna mtu kwa hiyo ploti anafaa kujua jibu la swali hilo, ni mimi. Nikamwambia, "Mara moja. Kama elfu nne hivi." Akabonyeza, akashukuru, akaenda kwa jirani.

Kitu kikanisumbua. Labda ni venye nilijibu haraka. Nikaitisha taarifa ya M-Pesa ya mwezi huo, nikaketi na kalamu. Kliniki, 2,500. Vipimo vya damu na choo, siku tofauti, 1,800. Dawa ya mwezi, mesalazine, ambayo kemisti ya mtaa haina lazima uende tao, 4,200. Kemisti ya mtaa mara tatu, 350, 280 na 350 tena, dawa za kutuliza tumbo na zile chumvi za kurudisha maji. Boda na matatu za safari zote hizo, 1,120. Jumla 10,600. Halafu nikakumbuka shilingi 1,000 nilizompa mathe mkononi aniletee dawa ya miti shamba kutoka ocha. Siamini inasaidia, lakini nani atabishana na mathe? Hiyo elfu moja M-Pesa haiijui. Weka hapo: 11,600.

Mimi nilisema elfu nne. Nilisema mara moja, kumbe nilikuwa nimetoka nyumbani mara sita kwa sababu ya tumbo. Nilikuwa nimesahau karibu theluthi mbili ya gharama ya ugonjwa wangu mwenyewe, na sijasahau mambo ya mwaka jana. Ni ya mwezi huo huo. Na si ati nilitaka kumdanganya yule mdada. Nilikuwa namwambia ukweli wangu wote.

Hapo ndipo nilianza kuchimba. Nilitaka kujua nani alianza kuuliza watu hili swali, na kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuangalia kama majibu yetu ni ya kuaminika. Kumbe ni historia ndefu, na ina vituko.

Turudi Marekani miaka ya 1920. Matibabu yalikuwa yameanza kuwa ghali, hospitali zimekuwa mahali pa kupona badala ya mahali pa kufia, na hakuna aliyejua familia ya kawaida inatumia pesa ngapi. Mwaka 1927 ikaundwa kamati, Committee on the Costs of Medical Care. Daktari mmoja ana daftari lake, hospitali ina lake, duka la dawa lina lake, na hayajawahi kukutana. Mahali pekee ambapo gharama zote zinakutana ni kwa familia yenyewe. Kwa hivyo kamati ikatuma watu nyumbani. Walitembelea familia zaidi ya 8,000, tena si mara moja, walizirudia rudia kwa miezi 12. Angalia hiyo. Karibu miaka 100 iliyopita walishajua kwamba ukimuuliza mtu mara moja kuhusu mwaka mzima atakupa hadithi. (Familia hizo zote zilikuwa za wazungu. Weusi wa Marekani hawakuhesabiwa kwa hiyo orodha kuu. Nani anaulizwa, hiyo nayo ni stori, tutaigusa.)

Kamati ikatoa ripoti yake ya mwisho mwaka 1932. Mwaka huo huo, New York, madaktari watatu wa hospitali ya Mount Sinai, Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, wakachapisha maelezo ya wagonjwa 14 waliokuwa na uvimbe sugu mwishoni mwa utumbo mwembamba. Ugonjwa ukapewa jina la Crohn, eti kwa sababu majina yalipangwa kwa alfabeti na lake likawa la kwanza. Oppenheimer na Ginzburg wakabaki historia ya watu wa medisini tu. Maze, herufi ya kwanza ya jina lako inaweza kukuweka kwa vitabu. Kolaitisi, binamu yake Crohn, ilikuwa na jina tayari tangu karne ya 19. Yote mawili ni magonjwa ya maisha. Hufi haraka, hauponi, unaingia gharama kila mwezi mpaka mwisho. Sidhani kuna ugonjwa mzuri kuliko huu wa kupima kama mtu anakumbuka.

Huku kwetu, wakati huo na kwa miaka mingi baadaye, iliaminika kwamba Mwafrika hapati hivi vitu. Mwaka 1966 madaktari wawili waliokuwa Uganda waliandika kwenye British Medical Journal kuhusu kolaitisi kwa Waafrika. Unajua walikuwa na wagonjwa wangapi? Wanne. Wanne, na ilikuwa habari ya kutosha kuchapishwa London. Sisemi ugonjwa ulikuwa kila mahali ukijificha. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye damu kwa choo mashariki mwa Afrika alikuwa anapewa dawa ya amiba na kurudishwa nyumbani, na mimi nilipewa hiyo dawa ya amiba mara tatu kabla ya mtu kuniingiza kamera. Na hiyo si 1966, ni juzi.

Sasa, rudi kwa swali. Mwaka 1956 Marekani ikapitisha sheria ya utafiti wa kudumu wa afya ya taifa, na kuanzia 1957 watu wakawa wanaulizwa majumbani bila kukoma, mpaka leo. Lakini kuna wajuaji waliouliza: tutajuaje kama wanasema ukweli? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, wakiongozwa na Charles Cannell, wakafanya kitu rahisi sana. Walichukua faili za hospitali, wakapata majina ya watu waliolazwa ndani ya mwaka uliopita, kisha wakapeleka waulizaji kwa nyumba za watu hao hao: je, umelazwa mwaka huu?

Fikiria. Kulazwa. Si kununua panadol. Ni kuvaa lile gauni lililo wazi mgongoni na kulala kitanda cha wenyewe. Nani anasahau?

Waliolazwa ndani ya wiki 10 za karibuni karibu wote walisema. Waliokosa kutajwa ni kama 3% tu. Lakini kadiri wiki zilivyorudi nyuma, watu wakazidi kupotea. Kwa wale waliotoka hospitali karibu mwaka mzima nyuma, wiki ya 51 hadi ya 53, kulazwa kwa karibu 42% hakukutajwa. Karibu nusu! Kitu cha pili kilinigusa zaidi. Walipanga magonjwa kulingana na aibu au woga unaobeba. Kwa yale yasiyo na aibu, kama 10% hayakutajwa. Kwa yale ya aibu kubwa, ni kama 21%. Ugonjwa wa aibu unasahaulika mara mbili zaidi. Au haujasahaulika, umemezwa.

Mimi nimekaa kwa kiti cha matatu kutoka Githurai mpaka tao nikijipangia kila choo cha njiani kwa kichwa, huyu ana choo cha wateja, yule anaitisha shilingi 20, na nikifika nikiulizwa mbona natoa jasho nasema ni joto. Kwa hivyo hiyo namba ya 21 sikuhitaji kuelezewa.

Basi, utasema, tatizo ni kusahau, tuongeze kidogo kwa kila jibu mambo yaishe. Haikuwa rahisi hivyo. Mwaka 1964 watakwimu wawili, John Neter na Joseph Waksberg, walichapisha utafiti kuhusu pesa ambazo watu hutumia kurekebisha nyumba, mabati, rangi, mabomba. Hakuna uhusiano na matumbo, lakini walichokipata kiliingia kwa kila utafiti wa gharama duniani. Waligundua kwamba watu hawapotezi tu matumizi, pia wanayavuta mbele. Ile paa ya mwezi wa pili unaisema kana kwamba ni ya mwezi wa nne, kwa sababu ilikuma sana na bado inauma. Kama mtu anayetazama kwa darubini, kitu cha mbali anakiona kiko mlangoni. Na vitu vikubwa ndivyo vinavutwa hivyo. Vidogo vinaanguka njiani.

Ukiunganisha Cannell na hawa wawili unapata picha ya kichwa cha mgonjwa wa kudumu. Kolonoskopi ya mwaka jana mwezi wa kumi ataisema ni ya "mwaka huu", kwa sababu nani atasahau ile dawa ya kusafisha tumbo na ule usiku. Ila zile 350 za kemisti, zile boda, zile tishu za ziada, zile siku ulizolipa choo cha stendi, hizo zimekwenda.

Wasee wa matumbo wenyewe waliingia kwa hii historia mwaka 1976. Kulikuwa na dawa za kujaribiwa kwa ugonjwa wa Crohn na hakukuwa na njia moja ya kusema mgonjwa amepata nafuu. Daktari William Best na wenzake, wakitumia wagonjwa 112, wakatengeneza kipimo cha vitu vinane. Chini ya alama 150, umetulia. Juu ya 450, uko hali mbaya. Vitatu kati ya hivyo vinane vinatoka kwa shajara ambayo mgonjwa anajaza mwenyewe kila siku kwa siku saba: umeenda choo cha majimaji mara ngapi, tumbo limeuma kiasi gani, unajisikiaje kwa jumla. Dawa ambazo watu wanameza leo zilipita kwa hicho kipimo. Kwa hivyo ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya sayansi ya Crohn imesimama juu ya mgonjwa aliyeketi kitandani usiku akihesabu.

Je, alihesabu? Mwaka 1980 watafiti wawili wa Bristol, Uingereza, Harvey na Bradshaw, walikuja na kipimo kifupi zaidi. Waliacha hesabu ya wiki, wakauliza kuhusu jana peke yake. Ni kama walisema: wacha wiki, wewe kumbuka jana tu. Napenda heshima iliyo kwa hilo swali.

Halafu kuna utafiti mmoja wa 2002 ambao nikiusoma nilicheka peke yangu kwa keja. Haukuwa wa matumbo, ulikuwa wa watu 80 wenye maumivu sugu, lakini shajara ni shajara. Arthur Stone na wenzake waliwapa nusu yao shajara za karatasi, wajaze mara tatu kwa siku kwa saa maalum. Kile ambacho wagonjwa hawakujua ni kwamba ndani ya jalada kulifichwa kihisi cha mwanga. Kila shajara ikifunguliwa, kinarekodi. Wagonjwa walirudisha karatasi zimejaa, safi, ukihesabu walifuata saa kwa 90%. Kihisi kikasema 11%. Kuna siku shajara haikufunguliwa hata kidogo na bado ina majibu ya asubuhi, mchana na jioni. Walikuwa wanajaza wiki nzima kwa mkupuo, pengine wakiwa kwa gari nje ya kliniki. Wale wengine waliopewa kifaa cha kielektroniki kinacholia kuwakumbusha walifuata kwa 94%.

Nilicheka kwa sababu mimi ndiye huyo msee. Na hapa niwaambie kitu sijawahi kuweka kwa posti.

Nikiwa mwaka wa pili kampasi, daktari wangu alinipa karatasi niandike kila siku naenda choo mara ngapi na kama kuna damu. Sikuiandika. Nilikuwa hosteli, tunalala wanne, karatasi ya mavi utaiweka wapi? Siku ya kliniki nikaijaza kwa benchi nikingoja kuitwa. Tatu, nne, tatu, nne, tatu. Niliandika kalamu mbili tofauti ndio ionekane ya kweli. Ukweli ulikuwa kumi na moja, siku zingine kumi na tatu, na usiku nilikuwa nalala kwa ngazi karibu na choo. Daktari akaangalia karatasi, akasema tunaendelea vizuri, tutapunguza prednisolone. Unampa makosa gani? Alitumia alichopewa. Wiki tatu baadaye nilikuwa wodini natiwa damu, na nilikaa siku 19. Karo ya muhula ikaenda hapo, ya muhula uliofuata ikaenda kwa dawa, na hivyo ndivyo nilitoka shule. Watu huniuliza kwa komenti mbona niliacha chuo, nasema nilitaka kufanya kontenti. Hilo pia ni jibu la mgonjwa.

Tuendelee. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha infliximab kwa ugonjwa wa Crohn, dawa ya kwanza ya aina yake, inayotiwa kwa mshipa, na bei yake ilibadilisha hesabu yote. Kabla yake iliaminika pesa za magonjwa haya zinaenda kwa kulazwa na upasuaji. Uholanzi ikataka kujua. Wakakusanya wagonjwa zaidi ya 2,000 wa Crohn na kolaitisi, wakawatumia maswali kwa intaneti kila baada ya miezi mitatu. Umemuona nani, umelazwa, umekosa kazi siku ngapi, unameza nini. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Gut 2014: mgonjwa wa Crohn alikuwa anagharimu wastani wa yuro 1,625 kwa miezi mitatu, wa kolaitisi yuro 595. Na kwa wa Crohn, 64% ya gharama ilikuwa dawa za kundi la infliximab peke yake. Kulazwa kulibaki 19%. Wakubwa wa bima waliamka.

Sasa hiyo namba yote ilitoka midomoni mwa wagonjwa. Kwa hivyo 2016 watafiti wa huko huko wakalinganisha majibu ya wagonjwa na faili za hospitali. Wakachapisha, na kwa kichwa cha habari wakatumia neno "kikamilifu". Yaani wagonjwa na faili waliongea lugha moja.

Nilipofika hapo nilitaka kutupa simu. Miaka zaidi ya 80 ya watu kusahau, halafu Waholanzi wanakumbuka kila kitu? Lakini tulia, angalia wanaulizwa nini na wanaishi aje. Wanaulizwa kila miezi mitatu, na Cannell alituambia wiki 10 za karibuni watu wanakumbuka. Wanaulizwa vitu vikubwa, kulazwa, upasuaji, daktari wa matumbo. Na tangu 2006 kila mtu mzima Uholanzi lazima awe na bima ya msingi, ana daktari wake mmoja wa familia, dawa yake inatoka famasi inayojua jina lake. Njia ya mgonjwa ni moja, na hospitali imeiandika. Linganisha faili na mtu ambaye hajatoka nje ya faili, bila shaka mtaelewana.

Mimi faili yangu inasema nini kwa ule mwezi? Inasema kliniki, mara moja, 2,500. Ingekuwa utafiti wa Uholanzi, jibu langu la "mara moja" lingewiana kikamilifu na faili. Ningepewa alama zote. Na sisi wote wawili, mimi na faili, tungekuwa tumekosea, faili kwa zaidi ya shilingi elfu tisa.

Hili ndilo jambo ambalo sikuliona likisemwa kwa sauti. Tunasema mgonjwa si wa kuaminika kwa sababu hafanani na faili, kana kwamba faili ndiyo ukweli. Faili inajua kilichotokea ndani ya geti. Wamarekani walishalijua hilo upande wao, ndio maana kwa utafiti wao mkubwa wa gharama ulioanza 1996 wanaiuliza familia mara tano kwa kipindi cha miaka miwili na nusu, kisha wanaomba ruhusa na kwenda kuuliza madaktari na hospitali pia. Wanashona pande mbili. Hiyo ni ghali, sawa.

Lakini utafiti ulionikalisha chini ni wa Delhi, India. Jishnu Das na wenzake walifuata watu 1,621 kati ya 2000 na 2002, wakitumia maswali ya kila wiki na ya kila mwezi, kisha wakarudia jaribio 2008. Ukiuliza kila wiki, maskini wa Delhi wanakwenda kwa daktari kuliko matajiri. Ukiuliza kila mwezi, maskini wanakwenda mara chache kuliko matajiri. Soma tena. Mji ni ule ule, na swali limebadilika urefu tu, picha yote imepinduka. Tajiri akiugua anakumbuka, ni tukio. Maskini aliyeugua mara nne kwa mwezi, akanunua vidonge viwili viwili, akarudi kazini, hilo kwake si tukio. Watafiti wenyewe walikisia hivyo, kwamba ugonjwa kwa maskini umekuwa sehemu ya kawaida ya maisha.

Ndipo nikaelewa nilichomwambia yule mdada. Sikusahau zile mara tano zingine. Sikuzihesabu kama matibabu. Kwenda kemisti kununua dawa ya tumbo kwangu ni kama kwenda kununua kredo.

Kenya nasi tumeuliza. Kuna utafiti wa serikali wa matumizi ya afya ya kaya uliofanywa 2003, 2007, 2013 na 2018. Matibabu ya kwenda na kurudi wanauliza wiki nne. Kulazwa wanauliza miezi 12, ile miezi 12 ambayo mwisho wake Cannell aliona karibu nusu imepotea. Majibu hayo ndiyo hutumika kusema ni familia ngapi zinaumizwa na gharama za matibabu. Kimataifa imetumika mistari miwili: kaya inayotumia zaidi ya 10% ya matumizi yake kwa afya, na inayotumia zaidi ya 25%. Mimi mwezi ule niliingiza elfu 28 kwa kuediti video za watu na nikatumia zote. Kwa jibu langu la elfu nne, afya ilikula 14%. Kwa hesabu ya ukweli, 41%. Kwa tableti ya yule mdada niko chini ya mstari wa 25, kijana anayejikaza kidogo lakini yuko sawa. Kwa M-Pesa nimezama.

Na sasa tuko kwa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. NHIF ilikuwa hapo tangu 1966, mwaka ule ule wa wale wagonjwa wanne wa Uganda. Mtu wa kazi isiyo na payslipu kama mimi anajibu maswali kuhusu nyumba yake, na mfumo unakisia mapato yake na kumpangia cha kulipa, si chini ya 300 kwa mwezi. Hakuna swali kwamba unaumwa na ugonjwa unaokula robo tatu ya unachobaki nacho baada ya rent. Inaangalia ukuta na paa. Paa langu ni zuri, sina ubishi.

Nimeanza kuandika. Si shajara, hiyo tunajua itaishia wapi. Najitumia ujumbe mwenyewe kila nikitoa pesa kwa sababu ya tumbo, hata ya choo cha stendi. Wiki ya kwanza niliandika mara tisa. Wiki ya pili niliandika mara nne, na siwezi kuapa kwamba tumbo lilikuwa limetulia.

Alhamisi iliyopita nikapigiwa na namba ngeni. Mwanaume, sauti ya ofisini. Akasema ni msimamizi wa ule utafiti, wanarudia kupiga nyumba chache kuhakikisha kwamba mwulizaji kweli alifika. Akauliza kama alikuja mdada, nikasema ndiyo, na alikuwa na heshima. Akauliza maswali mawili matatu ya kulinganisha. Tunaishi wangapi. Maji. Kisha, "Na ulisema ulitafuta matibabu mara ngapi ndani ya wiki nne?"

Nikamwambia nilisema mara moja, elfu nne, lakini jibu ni mara sita, elfu kumi na moja na mia sita.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hivyo alikuandikia vibaya?"

"Zii, aliandika nilichosema."

Nikasikia akibonyeza, akiacha, akibonyeza. Akaniambia fomu yake ina nafasi ya "inalingana" na "hailingani" peke yake, na akiweka hailingani, kosa litaenda kwa jina la yule mdada. Akauliza tena, polepole, aweke gani.